Boti za anasa na uzamiaji katika visiwa vya tropiki: mambo ya kukagua kabla ya kupanda chomboni

#1 Mshika Zamu (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, nimesoma mijadala mingi ambamo mtu anayetaka kuzunguka visiwa vya tropiki kwa boti ya anasa na kuzamia huanza kwa kuuliza ukubwa wa vyumba, idadi ya wahudumu na kama kuna bwawa la kuogelea juu ya sitaha. Maswali hayo yana haki yake, kwa kuwa mtu atalala humo wiki nzima. Hata hivyo, nimefanya kazi katika vyombo vya aina hii muda wa kutosha kuamini kwamba ubora wa boti ya wazamiaji hujulikana kwa mambo ambayo hayapigwi picha: nani yuko macho saa tisa za usiku, mlango wa dharura unatokea wapi, nanga inatupwa juu ya nini, na nani ana mamlaka ya kusema kwamba leo hatuzamii.

Naanza na usiku kwa sababu ndipo palipotokea msiba mkubwa. Tarehe 2 Septemba 2019, boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliteketea ikiwa imetia nanga karibu na kisiwa cha Santa Cruz, katika pwani ya California. Abiria 33 na baharia mmoja, waliokuwa wamelala katika chumba cha chini, walifariki dunia. Uchunguzi rasmi wa Marekani ulibaini kwamba usiku ule hapakuwa na mtu wa zamu aliyekuwa akizunguka chombo, na kwamba njia zote mbili za kutoka chumba cha chini, yaani ngazi na kidirisha cha dharura, zilitokea katika ukumbi uleule uliokuwa ukiwaka moto. Nahodha alitiwa hatiani mwaka 2023 na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Maji ya California ni ya baridi, lakini mpangilio ule wa vyumba vya kulala chini na ukumbi juu yake umo katika boti nyingi zinazozunguka visiwa vya joto.

Kwa hiyo, jioni ya kwanza chomboni, mwombeni baharia awapitishe kutoka kitandani hadi sitaha ya wazi kwa njia zote mbili, kisha mrudie wenyewe mkiwa mmefumba macho na kupapasa ukuta, maana moshi mzito hauachi kitu cha kuonekana. Kidirisha cha dharura kifunguliwe mbele yenu. Kikiwa kimewekewa mizigo juu yake, au kikihitaji ufunguo ulio mfukoni mwa mtu, basi chombo hicho hakina njia ya pili, hata karatasi zake zikisema vinginevyo.

Baada ya hapo tazameni meza ya kuchajia. Kwenye boti yenye wazamiaji ishirini utakuta betri za kamera, za tochi, za simu na za kompyuta zimeshonana kwenye soketi moja ya kuongezea, taa nyekundu na za kijani zikimetameta, na pengine taulo lililoloa limetupwa palepale. Betri ya lithiamu ikipata hitilafu hujichemsha yenyewe, na moto wake waweza kurudi hata baada ya kuzimwa. Boti inayojali huiweka meza hiyo mahali pa wazi, hufunga kigundua moshi juu yake, hukata umeme wake watu wanapokwenda kulala, na huwa na baharia anayepita hapo usiku kucha na kutia saini katika daftari la zamu. Ombeni kuliona daftari hilo. Nahodha mwema hatakasirika.

Baada ya moto, hofu yangu nyingine ni chombo kupinduka. Alfajiri ya tarehe 25 Novemba 2024, boti iitwayo Sea Story ilipinduka katika Bahari ya Shamu, upande wa Misri, na watu 11 walikufa au hawakuonekana tena. Baadhi ya walionusurika walitolewa siku iliyofuata wakiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Abiria hawezi kupima uthabiti wa chombo kwa macho, lakini anaweza kuuliza kama kilijengwa hivyo tangu mwanzo au kiliongezewa ghorofa baadaye, na kama kimekaguliwa upya baada ya nyongeza hiyo. Anaweza pia kutazama kama madirisha ya chini hufungwa kabla ya safari ya usiku, kama viti na makabati yamekazwa sakafuni, na kama mitumbwi ya kuokolea iko mahali ambapo itaelea yenyewe iwapo chombo kitazama.

Naomba wenye uzoefu waongeze, na wenye maswali waulize.

#2 Kina Kirefu

Mleta mada, nashukuru kwa maelezo haya. Swali langu linahusu mwili zaidi kuliko chombo. Ratiba nilizoziona zinaahidi kuzamia mara tatu au nne kwa siku, siku sita mfululizo. Mimi nimezoea kuzamia mara mbili kwa siku na kurudi nchi kavu. Je, mwili wa mtu wa kawaida unahimili ratiba ya namna hiyo, na ni kitu gani kinachobadilika?

#3 Mshika Zamu (mleta mada)

Ndugu Kina Kirefu, kinachobadilika ni kwamba mwili haupati nafasi ya kumaliza kutoa naitrojeni. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo la takribani angahewa moja, kwa hiyo katika mita 30 unavuta hewa iliyo katika shinikizo mara nne ya lile la juu ya maji. Naitrojeni, ambayo mwili hauitumii, huyeyuka katika damu na tishu kwa kadiri ya shinikizo hilo. Ukipanda polepole hutoka kupitia mapafu. Ukipanda kwa haraka hugeuka mapovu, na mapovu hayo ndiyo yanayoleta maumivu ya viungo, ganzi, na katika hali mbaya kupooza. Mwanasayansi Haldane na wenzake waliyachapisha majedwali ya kwanza ya kupanda kwa vituo mwaka 1908, na hesabu zilizomo ndani ya kompyuta za kuzamia za leo ni wajukuu wa kazi ile.

Tishu zinazopata damu kwa wingi hujaa na kutoa gesi kwa dakika. Zile zinazopata damu kidogo huhitaji saa nyingi, na ndizo zinazobeba masalia ya jana hadi leo. Siku ya nne ya safari mtu huamka akiwa na akiba ambayo hakuwa nayo siku ya kwanza, na hapo ndipo wengi huanza kulegeza nidhamu kwa kuwa wamezoea maji na hawahisi chochote. Ushauri wangu ni kwamba kila mtu avae kompyuta yake mwenyewe na asiiazime siku yoyote, kwa sababu kompyuta aliyoivaa mwenzako jana haijui historia yako. Uzamiaji wenye kina kikubwa ufanywe asubuhi, kasi ya kupanda isizidi mita 9 kwa dakika, na kituo cha dakika 3 katika mita 5 kisirukwe hata kama wenzako wamekwisha kupanda mtumbwini. Katikati ya wiki pumzika mchana mmoja. Kunywa maji mara kwa mara, kwa maana jua, upepo na chumvi humkausha mtu bila yeye kujua, na damu nzito husafirisha gesi vibaya.

Boti nyingi hutoa naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, kwa kawaida asilimia 32 badala ya 21 za hewa ya kawaida. Kwa safari ya wiki nzima naipendekeza kwa moyo mmoja, kwa sababu naitrojeni unayoivuta ni kidogo. Ina sharti lake: oksijeni nyingi katika shinikizo kubwa huweza kuleta degedege chini ya maji, kwa hiyo mchanganyiko huo haufai kupita takribani mita 33. Pima mtungi wako mwenyewe kwa kipimo, andika asilimia na kina cha mwisho kwenye utepe wa mtungi, kisha tia saini. Asiyekupa kipimo asikupe mtungi.

Mwisho wa wiki kuna ndege. Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, kwa mtu aliyezamia kwa siku kadhaa mfululizo ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka, na zaidi ya hapo ikiwa alilazimika kufanya vituo vya kutoa gesi. Boti nzuri humaliza kuzamia asubuhi ya siku ya kabla ya kushuka. Ukiona ratiba inayoahidi kuzamia usiku wa mwisho na uwanja wa ndege alfajiri, usilipe.

Uliza pia kuhusu oksijeni ya matibabu: mitungi mingapi, na inatosha saa ngapi kwa mtu mmoja anayevuta mfululizo. Kisiwa cha Cocos cha Costa Rica, mathalani, kiko zaidi ya kilomita 500 kutoka bara, mwendo wa karibu siku moja na nusu kwa boti. Mtu akiumwa huko na oksijeni ikaisha baada ya saa mbili, muda wote uliobaki hadi kukifikia chumba cha shinikizo, ambamo wazamiaji waliopatwa na mapovu hutibiwa, atausafiri bila msaada unaostahili.

#4 Upepo wa Omo

Naomba nichangie upande wa nanga, kwa sababu mleta mada ameitaja na hakuifafanua.

Chombo kikubwa kikitia nanga katika kina cha mita 20 huachia mnyororo wenye urefu mara tatu hadi tano ya kina hicho, maana yake mita 60 hadi 100 za chuma, sehemu kubwa ikiwa imelala chini. Watu hufikiri kwamba nanga ndiyo inayoharibu matumbawe kwa kuyaangukia. Nanga huharibu mahali pamoja. Mnyororo ndio unaofyeka, kwa kuwa upepo ukigeuka chombo huzunguka, na mnyororo huburutwa chini kama panga la kufyekea nyasi kutoka upande mmoja hadi mwingine, usiku kucha. Niliwahi kuzamia asubuhi kufuata mnyororo wa namna hiyo. Nyuma yake palibaki uwanda mweupe wa vipande vilivyovunjika, vingine bado vikiwa na polipi, yaani vijidudu vinavyojenga matumbawe, zilizojikunja ndani, na samaki wadogo wakirandaranda juu ya mahali palipokuwa na maficho yao. Matumbawe ya mviringo hukua milimita chache hadi sentimita moja au mbili kwa mwaka. Kilichofyekwa usiku ule kilikuwa na umri mkubwa kuliko wangu.

Tukio linalojulikana zaidi ni la Raja Ampat, Indonesia, mwezi Machi 2017, ambapo meli ya utalii Caledonian Sky ilikwama juu ya mwamba wakati wa maji kupwa na kuharibu eneo kubwa la matumbawe katika mojawapo ya sehemu zenye aina nyingi za viumbe vya baharini kuliko zote duniani. Meli ile ilikuwa na ramani na vyombo vyote vya kisasa.

Kwa hiyo, ulizeni kabla ya kulipa: je, boti hufungwa kwenye maboya ya kudumu, na pasipo na boya hutia nanga kwenye mchanga tu? Je, kuna mzamiaji anayeshuka kuhakikisha mnyororo umelala wapi? Ulizeni pia kuhusu maji ya vyoo. Mkataba wa MARPOL, ule wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, unaruhusu maji machafu yasiyotibiwa kumwagwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, chombo kikiwa mwendoni, na umepiga marufuku kutupa plastiki mahali popote baharini. Lakini sehemu inayohusu vyoo inavibana vyombo vyenye tani 400 na zaidi au vinavyoruhusiwa kubeba zaidi ya watu 15, kwa hiyo boti ndogo ya kifahari yenye wageni wanane na mabaharia watano inaweza kuwa nje ya kanuni hiyo na kubaki na dhamira ya nahodha wake pamoja na sheria za nchi husika. Anayesema kwamba ana tangi la kuhifadhia, aulizwe hulimwaga wapi.

Kuhusu mafuta ya kujikinga na jua, Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ilipiga marufuku yale yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kuanzia tarehe 1 Januari 2020. Fulana ya mikono mirefu inatosha. Tusisahau kwamba matumbawe haya yamekwisha kudhoofishwa na joto: mwezi Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba dunia imo katika tukio la nne la matumbawe kupauka kwa wakati mmoja katika bahari zote kuu. Mwamba unaojaribu kupona hauwezi kuongezewa mnyororo wa mtalii.

#5 Jua la Alasiri

Nimejifunza mengi. Naomba mleta mada aeleze jinsi ya kuchagua mahali na majira. Matangazo yote yanasema kwamba kila mwezi ni mzuri.

#6 Mshika Zamu (mleta mada)

Ndugu Jua la Alasiri, hakuna mahali ambapo kila mwezi ni mzuri kwa kila kitu.

Karibiani na Atlantiki ya kaskazini zina msimu wa vimbunga unaohesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na ndiyo maana boti nyingi huko hufanya kazi Desemba hadi Aprili. Vimbunga havijengeki karibu sana na ikweta, kwa kuwa mzunguko wa dunia hauvipi msokoto wa kutosha. Visiwa vilivyo ndani ya digrii 5 za latitudo, Raja Ampat ikiwemo, vina nafuu hiyo, ingawa upepo na mvua vipo. Tubbataha, katika Bahari ya Sulu nchini Ufilipino, hufikika takribani katikati ya Machi hadi katikati ya Juni pekee, na kwa boti ya kulala tu, kwa sababu bahari ya miezi mingine haiendeki. Visiwa vya Darwin na Wolf katika Galapagos vina papa nyundo, na papa potwe hupita huko zaidi kati ya Juni na Novemba, miezi ambayo maji ni ya baridi na mawimbi ni makubwa. Anayetaka kuona papa potwe katika maji ya uvuguvugu na tulivu akatafute mahali pengine.

Maldivi ndiyo inayofundisha somo hili vizuri kuliko zote. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Aprili, mkondo husukuma maji kutoka mashariki kwenda magharibi: upande wa mashariki wa visiwa maji huwa maangavu, na upande wa magharibi hujaa viumbe vidogo vinavyoelea, na taa wakubwa aina ya manta huvifuata huko. Kusi likija, mambo hugeuka. Ghuba ya Hanifaru, katika atoli (duara la visiwa vya matumbawe) ya Baa, hukusanya manta wakati wa kusi, na kuzamia kwa mtungi kumekatazwa kabisa. Mtu huogelea juu kwa miwani na mrija. Naiunga mkono sheria hiyo kwa dhati, kwa kuwa mapovu ya wazamiaji wengi katika ghuba ndogo huwavuruga wanyama wanapokula.

Kisha tazameni mwezi angani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa na kujaa kwa tofauti kubwa na mikondo katika milango ya atoli huwa mikali. Wakati wa maji mafu hutulia. Papa wa miambani hupenda mkondo unaoingia, kwa hiyo mzamiaji mzoefu atachagua bamvua na mgeni atachagua maji mafu. Katika mlango wa atoli kiongozi huruka kwanza peke yake, hushika mtungi wake kwa mkono mmoja, hutazama chini muda wa pumzi chache tu na kurudi juu. Ishara yake ikiwa ya kupungia mkono upande upande, mtumbwi huondoka na kwenda kwingine. Nimeona wageni wakinuna. Nimeona pia nahodha akiwaambia kwa adabu kwamba uamuzi wa kiongozi haujadiliwi, na boti yenye nahodha wa namna hiyo ningempandisha mwanangu bila wasiwasi.

#7 Kina Kirefu

Niseme ukweli, nikisoma haya naona ni afadhali kukaa hotelini kisiwani na kutoka kila siku kwa boti ndogo. Moto haupo, nanga haipo, na hospitali iko karibu.

#8 Mshika Zamu (mleta mada)

Kwa mtu aliyemaliza mafunzo juzi nakubaliana nawe. Ajifunze kutulia majini, atumie hewa kidogo, azoee mkondo mwepesi, ndipo apande boti ya wiki nzima. Boti ya kulala ina faida pale ambapo mwamba uko mbali na hakuna njia nyingine, kama Tubbataha, Cocos au Wolf, na pia kwa kuwa hufika mahali alfajiri kabla ya boti za mchana.

Lakini boti ya siku moja nayo ina hatari zake, na kubwa ni kuhesabu watu. Mwezi Januari 1998, wanandoa wawili wa Kimarekani waliachwa baharini katika Great Barrier Reef, Australia, baada ya boti ya mchana kuondoka bila wao, na kutokuwepo kwao kukatambuliwa siku mbili baadaye. Hawakupatikana. Kwa hiyo, iwe boti ya anasa au ya mchana, majina yaitwe moja baada ya jingine, kila mtu aitike mwenyewe, na asiitikie mtu kwa niaba ya mwenzake. Kila mzamiaji abebe boya la kujazwa hewa la rangi ya chungwa na filimbi, kwa sababu kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hakionekani hata kutoka umbali mdogo.

#9 Jua la Alasiri

Swali moja la mwisho. Nimeambiwa ninunue ndoano ya mwambani kwa ajili ya Palau. Je, haipingani na yote aliyoyasema Upepo wa Omo?

#10 Upepo wa Omo

Hapana, ikitumiwa ipasavyo. Katika mahali kama Blue Corner huko Palau mkondo ni mkali, na mtu asiye na ndoano huishia kushika kila kitu kwa mikono na kupiga matumbawe kwa mapezi. Ndoano huwekwa kwenye mwamba mtupu usio na uhai, kamba hufungwa mbele ya jaketi la kuelea, kisha unaongeza hewa kidogo ili uelee juu ya mwamba bila kuugusa. Jifunze kuifungua kwa mkono mmoja kabla ya safari, na toa hewa katika jaketi kabla ya kuiachia ndoano, la sivyo hewa hiyo itakupandisha juu kwa kasi.

#11 Mshika Zamu (mleta mada)

Naongeza tu kwamba kiongozi akisema mwamba wa siku hiyo hauna sehemu tupu, ndoano ibaki mfukoni. Waliokwisha kuweka nafasi kwenye boti fulani na kupewa mchoro wa vyumba wanaweza kuueleza hapa, kila njia inatokea wapi, nami nitausoma mmoja mmoja.